Sehemu Nzito Ikae Juu

Huku Lushoto kila mashine ndogo ya kupakia udongo inaitwa Bobcat, hata kama ubavuni imeandikwa jina la kampuni nyingine. Ni ile fupi yenye matairi manne yasiyopinda kona, opereta amekaa katikati ndani ya kebini ya vyuma, na mikono miwili inapita pembeni yake kwenda kushika ndoo iliyo mbele. Nimeendesha mashine hizi kwenye milima ya Usambara tangu nilipotoka VETA, na moja kati yake ilipinduka nikiwa ndani. Nilivunjika mtulinga na kifundo cha mguu, nikapoteza kazi, nikasemwa sana. Niko hai, na ningali opereta.

Ushuhuda wangu nilishautoa kanisani na nikamshukuru Mungu kama ipasavyo. Huu wa maandishi nauandika kwa sababu pale madhabahuni mtu hapewi nafasi ya kueleza habari za uzito, mteremko, mkanda na sheria. Na mimi bila hayo mambo manne ushuhuda wangu haujakamilika.

Kwanza ijulikane kwamba mashine hii haikuzaliwa mlimani. Ndugu wawili mafundi, Cyril na Louis Keller wa Rothsay, jimbo la Minnesota nchini Marekani, waliiunda mwaka 1957 kwa ajili ya mfugaji wa bata mzinga aliyetaka kitu kidogo cha kuzolea samadi katikati ya nguzo za banda lake. Wakati huo ilikuwa na matairi matatu. Kampuni ya Melroe ya North Dakota ikaichukua, mwaka 1960 ikatoa ya matairi manne, na mwaka 1962 ikaanza kuiita Bobcat. Sakafu ya banda la bata mzinga ni tambarare. Ufupi wake na uwezo wake wa kuzunguka palepale iliposimama, vitu vinavyoifanya ipendwe bandani, ndivyo vinavyoifanya iwe ya kuogopwa Soni au Mlalo. Kukata kona kwake ni kulazimisha: matairi ya upande mmoja yanakwenda, ya upande wa pili yanazuiwa au yanarudi nyuma, na yote yanakwangua ardhi. Kwenye saruji inabaki alama nyeusi. Kwenye mteremko, tairi la chini linachimba shimo lake lenyewe, kisha linazama humo.

Aliyenifundisha haya ni mzee mmoja aliyeendesha makatapila ya barabara tangu ujana wake. Alikuwa mkali. Kabla hajaniruhusu kuwasha injini alinisimamisha kando ya mashine akaniuliza, "Binti, sehemu nzito ya huyu mnyama iko wapi?" Nikaonyesha ndoo. Akacheka. Injini iko nyuma ya kiti, na ndoo ikiwa tupu karibu asilimia 70 ya uzito wote inabebwa na matairi ya nyuma. Ndoo ikijaa, mambo yanageuka, uzito unahamia mbele. Ndiyo maana swali la "nipande mbele au kinyumenyume?" halina jibu moja. Jibu lake mzee lilikuwa sehemu nzito ikae juu, siku zote. Ndoo tupu, unapanda kinyumenyume na kushuka ukitazama mbele. Ndoo imejaa, unapanda ukiitanguliza na kushuka kinyumenyume. Mikono iwe imeshushwa, ndoo ipite sentimita chache tu juu ya ardhi. Hukati kona katikati ya mlima, na hupiti kwa kuukingama mlima ubavu. Ukitaka kugeuka, nenda mpaka penye usawa.

Nilizoea kumsikia akisema hivyo hadi nikachoka. Sasa mimi ndiye ninayewachosha wengine.

Kuna jambo moja ambalo mabosi wengi hawataki kulisikia, nalo ni kibao cha uzito. Kwenye mashine niliyopinduka nayo kibao kilisema kilo 800. Watu hudhani hicho ni kiwango cha nguvu, kwamba mashine ikiweza kuinua zaidi basi na iinue. Sivyo. Kwa mashine za matairi, namba ile ni nusu ya uzito unaotosha kuinua matairi ya nyuma hewani. Kwa zile za minyororo ni asilimia 35. Na kipimo chenyewe hufanywa juu ya ardhi ngumu iliyo sawa. Mlimani, ndoo ikielekea bondeni, namba ile haina maana tena. Ndoo yangu ilichukua kama mita za ujazo 0.4. Ukiijaza udongo mkavu uliolegea, unabeba kilo 500 na kidogo. Ukiijaza udongo uleule wakati wa masika, unafika 750 au unazidi. Fomeni anaona ndoo moja tu, ileile ya jana. Matairi yanajua kwamba imeongezeka robo tani.

Sasa nije kwenye saiti yenyewe. Ilikuwa juu ya Soni, mtu anajenga nyumba ya wageni mahali penye mandhari nzuri, na penye mandhari nzuri kwetu ni penye mteremko. Katapila kubwa lisingepita njia ile, ndiyo maana tuliitwa sisi. Mkandarasi simtaji jina. Kazi ilikuwa kukata mlima upande wa juu na kuutupa udongo upande wa chini ili uwanja upanuke. Mtu asiyejua akija akitazama anaona uwanja mmoja mpana, umesawazishwa vizuri. Opereta anatakiwa aone viwanja viwili: nusu ya ndani ni ardhi iliyokatwa, imekaa hapo tangu dunia iumbwe, nusu ya nje ni kifusi kilichomwagwa juu ya majani. Kifusi hicho kingepaswa kukatiwa ngazi chini yake, kipangwe tabaka kwa tabaka na kila tabaka lishindiliwe. Hakikushindiliwa. Udongo wetu mwekundu ukikauka ni tofali, ukilowa ni sabuni, na tulikuwa katikati ya masika.

Mashine nayo iliingia nchini ikiwa imeshatumika. Mkanda wa kiti ulikuwa umekatwa, vimebaki vipande viwili. Ile fito ya chuma inayoshuka mapajani, ambayo ikiinuliwa mikono na magurudumu hufungwa, swichi yake ilikuwa imerukwa kwa waya, mashine ifanye kazi hata fito ikiwa juu. Nilimwambia bosi sipandi.

"Dada, wenzako wote wanaiendesha hivyohivyo," akasema.

"Bosi, na mimi nitaiendesha. Ila kwanza airudishe fundi kama ilivyotoka kiwandani."

Akanipa fundi wa umeme kwa swichi, kwa kununa. Mkanda akasema hana hela. Nikaununua kwa pesa yangu Korogwe, duka la vipuri, ukafungwa kwenye matundu yaleyale ya awali kwa bolti. Vijana wa saiti walinitania sana: eti naenda Dar es Salaam na basi? Sikujali. Mzee alikuwa ameniambia kebini ya mashine hii imejengwa kubeba uzito wa mashine yenyewe ikipinduka, lakini inamlinda aliyemo ndani tu. Aliyetoka nusu, kebini ileile ndiyo inamkata.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha usiku na kukatika alfajiri. Asubuhi lori lilikuja likamwaga tofali ndani kabisa ya uwanja, upande wa ardhi iliyokatwa, palepale ninapopita. Njia iliyobaki ilikuwa ni ya nje, juu ya kifusi. Nilikuwa nashuka kinyumenyume na ndoo imejaa, nikafika usawa wa zile tofali, nikasimama. Nikashusha ndoo mpaka ikagusa chini. Nikamwita fomeni, nikamwambia tofali zisogezwe kwanza.

"Pita, nafasi ipo," akasema. "Mvua ikirudi hatumalizi leo."

"Kaka, nafasi ipo ya macho. Ya uzito haipo."

Kijana anayenielekeza nilikuwa nimeshamkataza kusimama upande wa chini yangu, kila siku ugomvi wetu ulikuwa huo. Nikamwashiria akaanze kuhamisha tofali. Alipogeuka kwenda, ukingo ukaondoka. Sikuwa natembea. Matairi mawili ya upande wa bondeni yalizama kwanza taratibu, kama mtu anayekaa kitini, kisha mashine nzima ikalala kwenda chini.

Watu huniuliza nilifikiri nini. Nilifikiri kuruka. Mwili wote unataka kuruka, na ni uongo kusema ujasiri ulinizuia. Kilichonizuia ni mkanda na fito; nilipojaribu kuinuka, vilinirudisha kitini. Na tazama mlango wa mashine hii ulipo: uko mbele, katikati ya mikono miwili, juu ya ndoo. Anayeruka anaruka kwenda palepale mashine ya tani tatu inapoangukia. Nikashika vyuma vya ndani, nikabana kidevu kifuani, nikavuta mikono yangu isichomoze nje. Ililala ubavu, ikapinduka juu chini, ikaanza kulala ubavu wa pili ndipo kisiki cha mkaratusi kikaizuia. Injini ilikuwa bado inanguruma. Nikazima ufunguo. Nikasikia harufu ya dizeli, na sauti ya yule kijana akiniita jina akilia. Kwa kuwa mikono ya mashine ilikuwa chini, njia ya mbele haikuziba, walinitolea hapo. Mtulinga ulivunjwa na mkanda uleule ulioniokoa. Deni hilo nimelisamehe.

Nilipelekwa Bombo, Tanga, na wauguzi walinitunza vizuri. Shida yangu haikuwa hospitali. Shida ilianza niliporudi nyumbani na bendeji.

Bosi alituma ujumbe kwamba kazi imekwisha na kwamba mashine yake nitailipa. Habari iliyokwishaenea mpaka Mombo ilikuwa kwamba mwanamke ameangusha mashine kwa mwendo kasi. Mwendo kasi! Mashine ile hata bondeni ikikimbia sana baiskeli inaipita. Wapo waliosema mashine si kazi ya mwanamke, na wapo ndugu waliosema hivyo wakiwa wamekaa kitandani kwangu. Mama yangu hakuchangia. Alinisongea bada, akaweka na kisamvu, akakaa mpaka nimalize. Ada ya mtoto ilitoka kwenye kikundi chetu cha vikoba, na kwa miezi kadhaa nikawa naandika madaftari ya hesabu ya kikundi kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto ulikuwa kwenye tanzi.

Nilikuwa kibarua bila mkataba wa maandishi, ingawa nilikuwa nimemfanyia kazi zaidi ya mwaka. Dada yangu ndiye aliyesema twende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Sheria inatoa siku 30 kulalamikia kuachishwa kazi, na siku 60 kwa migogoro mingine. Siku 30 ni chache kwa mtu aliyelala na mguu kwenye plasta, lakini fomu ilijazwa, nikasaini, ikapelekwa ndani ya muda. Siku ya usuluhishi bosi alikuja na maneno yake ya mwendo kasi. Yule kijana wangu akatoa simu. Alikuwa amepiga picha palepale, kabla hawajaivuta mashine: alama za matairi zimenyooka, hakuna kona, hakuna mburuzo, na ukingo umemeguka kama mkate kwa urefu wote wa mashine. Tofali pia zinaonekana. Tukapatana: mishahara iliyobaki, gharama za matibabu, na deni la mashine likafutwa. Sikupata utajiri. Nilipata karatasi isemayo sidaiwi, na nilihitaji karatasi hiyo kuliko fedha.

Kuna jambo jingine nililijua kwa kuchelewa na ningependa wenzangu walijue mapema. Tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, umeundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na ulianza kazi mwaka 2015. Mchango wake unatolewa na mwajiri. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Bosi akikuambia anakukata kwa ajili ya mfuko huo, anakuibia. Na kabla hujapanda mashine ya mtu, uliza kama amejisajili. Swali hilo ni la dakika moja. Linaudhi, lakini ni la dakika moja.

Nikiwa kitandani nilisoma sana kwenye simu ya dada. Nikakuta taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, ilitoa tahadhari kuhusu mashine hizi mwaka 1998, na karibu yote ni maneno ya mzee wangu: mkanda ufungwe, fito na swichi zisichezewe, usitoke wala usiingie chini ya mikono iliyoinuliwa bila kuikingia kizuizi chake, soma kitabu cha mashine. Nikakuta pia kwamba Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, kifungu cha 13, unamkinga mfanyakazi aliyejitoa kwenye kazi kwa sababu ya msingi ya kuamini kwamba maisha yake yako hatarini. Nilisoma kifungu hicho mara nyingi. Nilikuwa nikidhani kugoma kwangu ni ukaidi wa tabia.

Kurudi kwenye kiti kulikuwa kugumu kuliko kuvunjika. Nilianza tambarare, Mombo, kupakia moramu kwenye tipa, na hata hapo mashine ikiyumba kidogo koo lilikauka. Kupanda mlima tena nilikwepa kwa visingizio hadi visingizio vikaisha. Nilimpigia mzee simu. Alikuja na fimbo yake, akatembea nami mteremko mzima kwa miguu, akichoma ardhi kila hatua chache, kisha akasimama upande wa juu na kuniambia, "Haya, mama, panda." Nilipanda. Miguu ilitetemeka mpaka penye usawa. Ilitetemeka siku nyingi baadaye pia, na ingali hutetemeka mvua inaponinyeshea nikiwa juu ya mashine. Nimeacha kungoja siku itakapokoma.

Tangu hapo kutembea mteremko kwa miguu kumekuwa desturi yangu. Nabeba pimamaji na ubao wa mita moja. Naweka ncha moja ardhini upande wa juu, nausawazisha ubao, napima ncha ya pili imeachana na ardhi kwa kiasi gani. Sentimita 30 kwa mita ni asilimia 30, yaani kama nyuzi 17. Nataja vyote viwili kwa sababu watu huvichanganya: asilimia 100 ni nyuzi 45, si ukuta wima, na vitabu vingine vya mashine vinaandika nyuzi, vingine asilimia. Kikomo cha mteremko kiko kwenye kitabu cha mashine husika, sicho cha kubahatisha wala cha kuuliza kijiweni. Kisha nachoma fimbo kutafuta penye kifusi. Penye ukingo wa shimo nakaa mbali angalau kwa kiasi cha kina chake, na ardhi ikiwa imelowa nakaa mbali zaidi. Kifusi kisichoshindiliwa sipandi kabisa. Nawekewa vigingi na kamba, upande wa pili wa kamba si wangu. Upepo wa matairi napima yote manne, kwa sababu tairi moja laini upande wa bondeni linaongeza mteremko ambao ubao haukuuona.

Haya yananigharimu. Kuna saiti moja Magamba nilikataa kuingia, akaitwa mwingine jioni ileile. Amefanya kazi, hajapinduka, amelipwa. Nilipita kesho yake nikawaona wakicheka, nikasalimia. Siwezi kudai kwamba kila anayepuuza anaanguka; wengi hawaanguki, na ndiyo maana ni vigumu kuwashawishi vijana.

Maombi yangu ni kwa wenye viwanja zaidi kuliko maopereta, kwa sababu nyinyi ndio mnaoweka haraka. Ukikodi mashine kuja kukata mlima wako, usimlipe mtu kwa kuhesabu ndoo. Mlipe kwa siku, asije akazijaza kupita kiasi. Tofali na kokoto zimwagwe mahali alipochagua opereta. Mvua ikinyesha, mpe nafasi ya kusubiri bila kumkata ujira. Na kabla mashine haijashushwa kwenye lori, chungulia ndani ya kebini utazame kama kiti kina mkanda. Kama hakina, irudishe ilikotoka siku hiyohiyo.